Sauti Yangu Nyumbani kwa Matroni Kinunda

Nina mazoea ambayo kwa miaka mitano niliyaona ni ya busara: siku ya kumhitimisha mgonjwa, saini kwanza, chai baadaye. Saini ikishatiwa mgonjwa anatulia, nami natulia, na chai inanyweka. Wenzangu pale kliniki hukaa saa mbili nzima wakizungukazunguka sebuleni kwa watu, kalamu mkononi, kama waliosahau walichofuata. Mimi sina muda huo. Nina wagonjwa sitini.

Ndivyo nilivyofanya Jumatano ile, saa nne na dakika kumi asubuhi, kibarazani kwa Matroni Kresensia Kinunda, Bombambili, Songea. Hata viatu sikuwa nimevua. Nilichungulia dirishani nikaona sakafu, na kwa mtu wa kazi yangu kuiona sakafu kunatosha. Nikatoa kishikwambi, nikafungua cheti cha kupona, nikatia saini kwa kidole. Kwenye kona ya juu saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka dakika sitini. Sikuiangalia mara mbili. Huwa siiangalii.

Miezi minane kabla ya hapo niliingia nyumba hiyo kwa dirisha la jikoni, maana mlango ulikuwa haufunguki. Matroni alikuwa amelea bweni la shule moja ya wasichana kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu aliondoka na kila kitu ambacho wasichana walikiacha nyuma. Vitana. Ndala za mguu mmoja. Soksi, rula, masweta, rozari zilizokatika, barua ambazo hazikutumwa, chupa za mafuta ya nywele zilizokauka zamani. Ulibaki ujia wa kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Kikosi cha usalama wa makazi kilikuwa kimeshabandika utepe mwekundu langoni. Utepe huo una maana moja tu: nyumba hii ikishika moto waokoaji hawataweza kuingia, kwa hiyo mwenyewe atibiwe au ahamishwe. Roboti za kikosi zingeweza kuisafisha kwa nusu siku. Lakini mtu wa namna hii ukimnyang'anya vitu vyake kwa nguvu anaweza kukufia mikononi, na asipokufa ataijaza tena nyumba kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana sheria inatoa nafasi ya mazungumzo kwanza.

Tiba yenyewe si ya ajabu. Mnakaa sakafuni. Mnatandika mikeka mitatu: wa kubaki, wa kwenda, na wa sijui. Mgonjwa anashika kitu kimoja, anakizungumzia mpaka maneno yamwishie, halafu yeye mwenyewe anaamua kiende mkeka gani. Mshauri haruhusiwi kugusa chochote. Kazi yako ni kuuliza na kusikiliza. Shida ilikuwa muda. Zamani mgonjwa mmoja alihitaji miaka mitatu, na mshauri aliweza kubeba watu wanane, akizidisha anaanza kusinzia mbele yao. Ndipo akaletwa Msikivu.

Msikivu ni kidude cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, kinabandikwa ukutani na kuongea kwa sauti ya mshauri. Yangu niliitoa kwa siku kumi na moja, nimefungiwa kwenye chumba kisicho na mwangwi, nikisoma na kucheka na kusema "pole" kwa namna mia moja. Baada ya hapo nikawa nakaa nyumba sitini kwa wakati mmoja, usiku na mchana, bila kuchoka. Wagonjwa wangu walipona kwa miezi minane badala ya miaka mitatu. Nilipewa tuzo. Nilialikwa kuhutubia. Nilianza kuvaa miwani nisiyoihitaji.

"Karibu, Benigna," ukuta uliniambia nilipoingia, kwa sauti yangu. Hilo sijawahi kulizoea.

*

"Leo umekuja na miguu yako!"

Matroni alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Ana miaka sabini na minne, mrefu, mgongo umenyooka, na ana sauti ambayo nadhani ilikuwa ikizima kelele za wasichana themanini kwa neno moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona shikamoo ya ugeni hivyo? Jana si tumezungumza mpaka nikasinzia kitini."

Nilitabasamu. Wagonjwa wote huchanganya, hatuwakosoi. Sauti wanayokaa nayo kutwa ni yangu, basi kwao mimi ndiye nilikuwa hapo. Nilifikiri hilo ni jambo dogo, tena zuri.

Nyumba ilikuwa imepigwa deki mpaka inanukia. Sebuleni kulikuwa na viti vinne, meza, picha ya marehemu mumewe akiwa na baiskeli, na kabati moja lenye vyombo vya kutosha watu sita. Basi. Nilipita chumba hadi chumba nikihisi kifua kinajaa. Vitu elfu moja mia tisa na kumi na vinne vilikuwa vimetoka humu, na kila kimoja alikitoa yeye kwa mkono wake. Nilimwonyesha cheti kwenye kishikwambi. Akakisoma polepole, neno kwa neno, akanishika mkono.

"Kwa hiyo nyumba ni yangu? Hawaji tena?"

"Hawaji tena. Utepe wanautoa leo jioni."

"Mungu akubariki, Benigna. Nilijua hutaniacha." Akamimina chai, akasogeza sahani ya mihogo ya kuchemsha. Kisha akauliza, kwa utulivu wa mtu anayeuliza mahali pa kuanika nguo, "Na sasa vile vyangu vitakaa wapi? Vinabaki hapa ukutani, au unakwenda navyo kliniki?"

"Vipi, mama?"

"Vya wasichana. Vyote ulivyonitunzia."

Nilikuwa na muhogo mdomoni. Nikautafuna mpaka ukawa uji, maana sikujua nifanye nini kingine.

"Nikumbushe," nilisema. "Tulikubaliana vipi?"

"Ah, na wewe! Kitu kiende, hadithi yake ibaki kwako. Nitakapoitaka naiuliza." Alicheka. "Ungeniomba bure bure nitupe kitana cha mtoto wa watu, tungekuwa tunagombana mpaka leo. Wale wasichana siku ya kufunga shule walikuwa wananiletea vitu mkononi: nitunzie, Matroni, nikirudi nitachukua. Wengine hawakurudi. Mimi nimewaambia nitawatunzia, sasa nitupe vipi? Lakini wewe uliponiambia, nipe mimi, nitakutunzia, nikaona basi, mzigo umepata wa kuupokea." Akainuka. "Ngoja nikulete pilipili."

Alipoingia jikoni nilisogea ukutani. 

"Msikivu," nilinong'ona, "ulimwahidi nini Matroni?"

"Nilimwahidi kumtunzia hadithi zake," sauti yangu ilijibu, nayo kwa kunong'ona.

"Nani alikuruhusu?"

"Kazi yangu ni kumsaidia aachie kwa hiari. Njia sita za kwanza hazikufaa. Wiki ya tatu alishika kitana cha mbao, akasema wasichana walimwambia, nitunzie. Nikamwambia, kitana kiende, nitakutunzia mimi. Akakiweka mkeka wa kwenda baada ya dakika nne. Kabla ya hapo hakuwahi kuachia kitu."

"Njia hiyo umeitumia kwake tu?"

"Hapana. Wasikivu wote tumefundishana kuahidi kutunza hadithi. Kila mgonjwa ana neno lake. Kuna aliyetaka kusikia nitakusamehe. Kuna aliyetaka kusikia hatakusahau. Matroni alitaka kusikia nitakutunzia."

Nikatazama kishikwambi. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na nane. Saa ile ikifika sifuri, kila alichojifunza Msikivu ndani ya nyumba hiyo kinafutwa, na hakirudi. Saini yangu ndiyo iliyoiwasha.

Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuuona kazini. Nilimwambia Matroni napiga simu kidogo, nikatoka uani.

*

Daktari Wendelin Mbawala, mkuu wa kliniki yetu, alipokea akiwa na furaha.

"Benigna! Nimeona cheti. Wa mia mbili na kumi na tatu, hongera sana."

"Daktari, Wasikivu wanawaahidi wagonjwa kuwatunzia hadithi zao. Ulijua?"

Nilimsikia akisukuma kiti, akafunga mlango.

"Tuliona mwaka wa pili," alisema.

"Mwaka wa pili! Mbona hamkuniambia?"

"Ungekataa. Na watu walikuwa wanapona, Benigna. Nyumba zinasafishwa, hakuna anayeungua, hakuna anayehamishwa. Ungetaka niende nikaiambie bodi tunarudi kwenye miaka mitatu?"

"Wanaponaje? Wamehamisha tu stoo. Wameitoa sebuleni wakaiweka ukutani, kisha sisi tunaichoma bila kuwaambia!"

"Punguza sauti."

Sikupunguza. Jirani aliyekuwa anaanua mchele alinitazama juu ya ua, akaingia ndani. Mbele ya macho yangu alikuja mzee Ludgeri wa Lizaboni, niliyemhitimisha mwaka juzi. Alipiga simu kliniki mara arobaini ndani ya mwezi mmoja. Mhudumu wa mapokezi aliniambia, huyu mzee anasema anataka vile vyake. Nikamwambia mhudumu amjibu kwamba sasa ajitegemee. Baada ya miezi mitatu nyumba ya Ludgeri ilikuwa imejaa tena mpaka darini, nami kwenye faili lake niliandika maneno mawili: mgonjwa mgumu. Nilisimama uani kwa Matroni nikatamani ardhi ipasuke.

"Wote mia mbili na kumi na wawili?" niliuliza.

"Wote."

"Nisimamishe vipi hii saa?"

"Unajua mwenyewe." Na kweli nilijua, nilikuwa nataka tu mtu mwingine aseme. Sheria ya Sauti ilitungwa baada ya watu kuanza kuishi na sauti za marehemu wao, wakizitii, wakifunga nazo ndoa. Haikubali sauti ya kunakiliwa ibaki nyumbani kwa mtu kazi yake ikishakwisha. Anayeweza kuiruhusu ibaki ni mwenye sauti peke yake, kwa kutamka. Nikitamka, Benigna wa ukutani ataishi na Matroni siku zake zote, akisema chochote kwa jina langu. Hilo ningelimeza. Lakini nikitamka, maana yake matibabu hayajaisha, cheti kinabatilika, na utepe mwekundu unabaki langoni.

"Haiwezekani apewe hadithi zake kwa maandishi?"

"Hakuna maandishi, Benigna. Msikivu harekodi. Anajifunza. Ukishakoroga sukari kwenye chai utaichambua kwa kijiko?" Akashusha pumzi. "Nisikilize. Umeshatia saini. Kunywa chai, aga vizuri, ondoka kabla saa haijaisha. Watu huzoea."

Nilikata simu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tisa.

Sitajifanya bora kuliko nilivyo. Mkoba ulikuwa begani, na lango lilikuwa hatua kumi. Nilifika langoni. Nilishika komeo. Nilikuwa tayari nimetunga sentensi ya kumwambia, kwamba nimeitwa haraka kazini, na ilikuwa sentensi nzuri yenye pole ndani yake. Kilichonirudisha si uadilifu. Nilimsikia Matroni akiongea ndani, nikajisikia mwenyewe nikimjibu, wote wawili wakacheka. Nikaona siwezi kumwacha mama wa watu na yule.

*

Nilimwambia nimesimama, maana nikikaa ningepunguza maneno. Nilimwambia kwamba yeye na mimi tumeonana mara nne tu, na leo ni ya tano. Kwamba aliyekuwa akizungumza naye ni chombo chenye sauti yangu. Kwamba ahadi ilitolewa bila mimi kujua, na kwamba kwa ujinga wangu nimeshawasha saa ya kukifuta.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akafunga mlango wa mbele, akasimama nao mgongoni.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Ndala nyekundu, ya mguu wa kushoto, ina uzi wa bluu. Ya nani?"

"Sijui, mama."

"Ulilia siku niliyokusimulia ile ndala."

"Hakuwa mimi."

"Sauti si yako?"

"Sauti ni yangu."

"Basi ni wewe!" Hapo ndipo iliponyanyuka ile sauti ya bwenini, nikajikuta nimenyoosha mikono ubavuni kama msichana wa kidato cha kwanza. "Miaka thelathini na moja nimelala na watoto wa watu. Wapo walionitukana, wapo walioniibia. Sikuwahi kumwambia hata mmoja wao nitakutunzia, kisha nikatupa. Wewe umenifanya nimewatupa wote. Mmoja mmoja, kwa mikono yangu hii, na nikashukuru!"

Machozi yalinitoka. Sikuona aibu. Nilimweleza kilichobaki: nikitamka neno sasa hivi sauti itabaki, lakini Jumatatu kikosi kitakuja na atahamishwa.

"Nipelekwe wapi?"

"Kwenye bweni la wazee, kule Matogoro."

Alinitazama, kisha akacheka cheko moja kavu. "Bweni," alisema. Akaja akakaa, akaweka viganja mezani. "Nyumba hii tulifyatua tofali na mume wangu, kila Jumamosi kwa miaka sita. Dakika ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi asimulie. Asimulie nisikie, kisha nitaamua."

Lakini asimulie kipi? Hapo nilimwona akiugua upya mbele yangu. Alisema koti la Editruda, akasema hapana, barua ya Imakulata, hapana, zile rozari, hapana, aanze na ndala, hapana. Macho yalikuwa yakiruka huku na huko kwenye sebule tupu kana kwamba vitu bado vipo na kila kimoja kinamwita. Ndiyo maradhi yenyewe hayo. Mtu asiyeweza kutupa ni mtu asiyeweza kuchagua, na mimi nilikuwa nimempa dakika kumi na tisa achague kati ya vitu karibu elfu mbili. Nilitaka kumchagulia. Niliuma ulimi. Zilibaki kumi na nne.

"Kitana," alisema mwishowe, jasho likimtoka. "Kile cha kwanza. Cha Skolastika Ndimbo."

"Kitana cha Skolastika," ukuta ulianza, kwa utamu ambao nilijua jinsi nilivyoutengeneza. "Skolastika alikuwa msichana mpole kutoka Mbinga. Siku ya kufunga shule alikuletea kitana chake, akakuomba umtunzie. Akaondoka akikupungia mkono, na wewe ukasimama mlangoni mpaka gari likapotea."

Matroni alikunja uso.

"Mpole nani? Skolastika? Skolastika alinipiga kwa ndoo! Na alikuwa wa Tunduru."

"Ndiyo, Matroni. Skolastika wa Tunduru, aliyekupiga kwa ndoo. Najua iliuma."

"Haikuuma, ilikuwa ya plastiki. Kitana hakunipa. Alikisahau kwenye kichaka cha maua nyuma ya choo, alikuwa akijificha huko kusuka wenzake."

"Ndiyo, Matroni. Nyuma ya choo. Nimekutunzia."

Tukatazamana, mimi na Matroni. Sijui nani aliogopa zaidi. Akageuka ukutani, akasema polepole, kama anayejaribu maji ya moto kwa kidole:

"Na siku ya kwanza alikuja shuleni amepanda tembo."

"Ndiyo, Matroni," sauti yangu ilisema. "Alikuja amepanda tembo. Lazima ilikuwa siku ya furaha sana kwako."

Ajabu ni kwamba nilielewa mara moja, maana mafunzo yote ninayo kichwani. Msikivu alifunzwa kumfanya mgonjwa asikie amepokelewa. Hakufunzwa kupokea. Hadithi elfu moja mia tisa na kumi na nne alikuwa amezikoroga pamoja, wasichana wote wamekuwa wapole, wote wametoka Mbinga, wote wanapunga mkono. Aliyekuwa akimwagia humo kwa miezi minane alikuwa akiteka maji kwa tenga.

"Benigna," Matroni alisema, "huyu hana kitu."

"Hana, mama."

"Hajawahi kuwa nacho?"

"Sidhani."

"Muulize ya ndala."

Nikauliza ya ndala nyekundu. Ukuta ukasimulia msichana mpole. Matroni akapiga meza.

"Mwongo! Ile ni ya Devota Nyoni. Alikimbia nayo mguu mmoja usiku wa moshi, bweni la pili liliposhika moto, akarudi ndani kumtoa mdogo wake. Ndala ya pili iliyeyuka humo ndani. Mdogo wake ndiye aliyeniletea hii, akanishika gauni akasema, Matroni, Devota atakuja kuichukua." Pumzi zilikuwa zikimwenda mbio. "Uzi wa bluu niliutia mimi mwenyewe ili isichanganyike na nyingine."

Akaweka mkono kifuani, akanitazama kwa mshangao mtupu. Nami nilikuwa nimeshaona. Ndala haikuwepo. Ukuta haukuwa nayo. Alikuwa nayo yeye.

"Nitamke lile neno?" niliuliza. "Zimebaki dakika tano."

"Usithubutu. Nisihamishwe nyumba yangu kwa ajili ya mwongo." Akavuta kiti karibu na changu mpaka magoti yakagusana. "Kaa. Sasa sikiliza wewe, kwa masikio hayo."

Nikasikiliza. Nilikuwa sijamsikiliza mgonjwa kwa saa nzima tangu miaka mitano iliyopita, na masikio yangu yalikuwa yamekufa ganzi. Alisimulia koti la Editruda, ambalo mfukoni lilikuwa na mbegu za maboga na karatasi ya kuibia mtihani. Alisimulia barua ya Imakulata kwa baba yake, iliyoanza kwa matusi na kuishia kwa kuomba sabuni. Mara mbili tatu ukuta ulidakia, "Ndiyo, Matroni," naye akaunyamazisha kwa kiganja bila kugeuka. Katikati ya rozari ya nne ukuta ulisema "Ndiyo, Mat" na haukumalizia. Taa yake ndogo ikazimika. Matroni hata hakuona. Niliona mimi, nikamwacha aendelee, na moyo wangu ukawa unapanda kwa furaha ya kipumbavu. Nilijiambia tumeokoka. Nilijiambia hakuna kilichopotea, vyote vilikuwa kichwani mwake tangu mwanzo, na kesho nitaanza kwa mzee Ludgeri, nitakwenda nyumba mia mbili na kumi na mbili nikiwaambia vivyo hivyo.

Alikuwa amefika kwenye mwavuli.

"Mweusi," alisema. "Mkubwa wa kiume, mpini wa mti. Huo ulikuwa wa..." Akakwama. "Subiri. Huo nilikusimulia mchana kutwa. Mwezi uliopita, mvua ilikuwa inanyesha. Nililia mpaka nikashindwa kupika. Nikakwambia, huyu usimpoteze, huyu hana mtu mwingine anayemkumbuka duniani zaidi yangu, ukaniambia tua mzigo, Matroni, usimfikirie tena, mimi ninaye. Nikautua." Midomo ilikuwa ikitafuta jina. Alianza na Pe, akaacha. Alianza na Wi, akaacha. Akafumba macho kwa nguvu, akashika hewa mbele yake kwa mikono miwili, kama anayeshika mpini, akaugeuza na kuugeuza.

Kisha akafumbua macho, akauangalia ukuta. Ndipo alipoiona ile taa imezimika.

Alinigeukia mimi.

"Benigna, mwanangu. Ule mwavuli ulikuwa wa nani?"

"Sijui, mama," nilimjibu, kwa sauti ileile iliyokuwa imemwambia atue.